Sauti Inayokatakata kwenye Kompyuta ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa Tanga mjini kwa ajili ya wenye kompyuta za nyumbani, nyingi zikiwa za mtumba, zinazotumika kusikilizia muziki, kaswida, mawaidha, redio za intaneti na tamthilia. Majibu yanahusu hasa Windows 10 na Windows 11, na wanaotumia Linux wana swali lao karibu na mwisho. Msimamo wetu ni huu: mara nyingi sauti inayokatakata si ugonjwa wa spika wala wa kadi ya sauti, bali kuna kazi nyingine ndani ya mashine inayoichelewesha. Kwa hiyo mcheleweshaji atafutwe kwanza, kabla fedha haijatoka mfukoni.

Nitatofautishaje sauti inayokatakata na kasoro nyingine za sauti?

Sauti inayokatakata ina mapengo. Neno linakatwa katikati, silabi inarudiwa kama ya mtu mwenye kigugumizi, au inasikika milio mifupi ya "tak, tak" huku wimbo ukiendelea. Mapengo hayo huongezeka unapofungua programu nyingine au unapoburuta dirisha kwenye skrini, nayo hayapungui hata ukishusha sauti.

Kukoroma ni jambo jingine. Sauti inayokoroma hupasuka inapopandishwa tu, hasa kwenye besi, na hapo wa kuulizwa ni spika au amplifaya. Mvumo mfululizo unaoendelea hata wimbo ukisimamishwa ni suala la umeme, na tumelijibu peke yake hapa chini. Ni vyema kutofautisha mambo haya matatu mapema, kwa sababu mtu anayepeleka spika kwa fundi ilhali tatizo ni draiva ya Wi-Fi (draiva ni programu ndogo inayoendesha kifaa cha kompyuta) atarudishiwa spika zilezile, sauti ileile, na risiti.

Kwa nini sauti inakatika ilhali kompyuta inaonekana nzima?

Sauti ya kidijitali ni mfululizo wa namba. Katika CD, kila sekunde moja ina sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa kila upande, kushoto na kulia, na kila sampuli ina biti 16. Sauti ya video kwa kawaida hutumia sampuli 48,000. Kadi ya sauti inapaswa kuletewa namba hizo bila kukosa, kwa kuwa saa yake haimsubiri mtu. Picha ya video ikichelewa kidogo, jicho husamehe na pengine halitambui. Sikio halina msamaha huo, na pengo la milisekunde chache tu husikika kama mpasuko.

Ili kadi isikose namba, programu huziweka akiba kidogo mahali panapoitwa bafa. Bafa hufanya kazi kama tangi la maji lililowekwa juu ya paa: maji ya bomba yakikatika kwa muda, nyumba haitambui mradi tangi lina maji, lakini likikauka, bomba la jikoni linaanza kutema hewa. Tofauti ni kwamba tangi hili ni dogo mno. Bafa ya sampuli 512 kwa mwendo wa sampuli 48,000 kwa sekunde huisha ndani ya milisekunde 11 hivi, kwa hiyo kazi yoyote inayoishika prosesa kwa muda mrefu zaidi ya huo bila kuiachia itasikika spikani.

Hii ndiyo sababu kompyuta yenye nguvu inaweza kukatakata na ile dhaifu ikacheza vizuri. Kufungua faili la MP3 ni kazi ndogo sana kwa prosesa yoyote ya miaka 15 iliyopita. Kinachokosekana si nguvu, ni kuwahi.

Nimehamisha kanda za zamani kwenye kompyuta, na nyimbo zinakatika. Kasoro imo kwenye faili au kwenye mashine?

Swali hili huulizwa sana hapa Tanga, kwa sababu nyumba nyingi bado zina kanda za taarabu za Black Star na Lucky Star, au za dansi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na wajukuu wameanza kuzihamishia kwenye kompyuta. Jibu linapatikana kwa jaribio jepesi. Chezesha wimbo, andika dakika na sekunde ambapo sauti ilikatika, kisha rudi nyuma uucheze tena. Ikikatika palepale kila mara, pengo limo ndani ya faili lenyewe. Ikikatika mahali tofauti kila unaporudia, faili ni zima na mashine ndiyo yenye kasoro. Ukitaka uhakika zaidi, nakili faili kwenye flashi ulicheze kwenye simu.

Endapo pengo limo ndani ya faili, hakuna mpangilio wa Windows utakaolirudisha. Huenda kanda yenyewe imekunjika au imepoteza unga wake wa sumaku mahali hapo, lakini mara nyingi zaidi kompyuta ilikatakata wakati wa kurekodi, kwa sababu kurekodi nako kunatumia bafa na kunaumizwa na ucheleweshaji uleule. Dalili ya kanda mbovu ni sauti kufifia na kurudi taratibu. Dalili ya kompyuta iliyochelewa ni mkato mkali, na wimbo unaruka mbele kana kwamba kipande kimechanwa. Kwa dalili hii ya pili, itengeneze kwanza kompyuta kwa kufuata majibu yanayofuata, kisha rekodi upya. Usitupe kanda kwa sababu tu nakala ipo.

Rekodi katika umbo lisilobanwa, yaani WAV, ambalo kwa ubora wa CD huchukua megabaiti 10 hivi kwa kila dakika. Kubana kuwa MP3 kunaweza kufanywa baadaye, wakati hakuna kinachokimbizana na muda.

Sauti hukatika ninaposikiliza kupitia intaneti tu. Je, hilo nalo ni tatizo la kompyuta?

Kwa kawaida si la kompyuta. Pengo la mtandao huwa refu, sekunde moja au zaidi, na mara nyingi alama ya duara linalozunguka hutokea kwenye skrini. Pengo la ndani ya kompyuta huwa fupi na kali. Redio inayorushwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 58 kwa saa, kiasi ambacho mtandao wa simu wa kawaida hukimudu, kwa hiyo ikikatika angalia kama kompyuta haipakui masasisho ya Windows kwa wakati huohuo. Pakua kipindi kimoja ukisikilize ukiwa umezima intaneti kabisa. Kikicheza vizuri, acha kuhangaika na draiva.

Nianzie wapi?

Anza kwa kuiwasha upya kompyuta kwa kuchagua "Restart", si kwa kuizima na kuiwasha. Katika Windows 10 na 11, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo ili kompyuta iwake haraka, na hivyo draiva iliyokwama inaweza kuamka kesho ikiwa imekwama vilevile; "Restart" husafisha kila kitu.

Tatizo likibaki, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua "Task Manager", panga orodha kwa matumizi ya prosesa, halafu chezesha wimbo na utazame kinachopanda juu wakati sauti inapokatika. Tazama pia safu ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na safu ya diski. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 inayofungua kivinjari chenye kurasa nyingi hulazimika kuhamishia kumbukumbu kwenye diski na kuirudisha, na kama diski yenyewe ni ile ya kuzunguka, utaiona imefika asilimia 100 huku wimbo ukigugumia. Wahusika wa kawaida ni programu ya kuzuia virusi inayokagua mafaili, masasisho, na programu za kuhifadhi nakala mtandaoni. Programu mbili za kuzuia virusi katika kompyuta moja ni nyingi mno, ondoa mojawapo.

Kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, ni ununuzi mmoja ambao hatusiti kuupendekeza kwa kompyuta ya mtumba, hata kama tatizo la sauti lingeisha kwa njia nyingine.

Prosesa inaonyesha asilimia 5 tu, na bado sauti inakatika. Inawezekanaje?

Inawezekana sana, na hapa ndipo wengi hupotelea. "Task Manager" huonyesha wastani wa muda mrefu kuliko uhai wa bafa. Kitu kinachoishika prosesa kwa milisekunde 20 mara moja kila sekunde chache hakionekani katika wastani huo, lakini sikio hulisikia kila pengo.

Wenye uwezo wa kufanya hivyo ni draiva. Kifaa kama kadi ya Wi-Fi kinapohitaji kuhudumiwa, hukatiza kazi ya prosesa, na draiva yake hutangulizwa mbele ya programu zote za kawaida, kikiwemo kicheza muziki chako. Draiva iliyoandikwa vizuri humaliza shughuli yake upesi sana na kuondoka. Iliyoandikwa vibaya, au isiyoelewana na toleo la Windows lililopo, hung'ang'ania, na wakati huo hakuna anayejaza bafa.

Kumtambua mhusika, pakua programu ya LatencyMon, ambayo ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani. Iendeshe kwa dakika kadhaa huku wimbo ukicheza, kisha fungua orodha ya draiva na uone iliyochukua muda mrefu kuliko zote. Majina yake yanaonekana ya ajabu lakini yanasomeka: ndis.sys inaelekeza kwenye mtandao, nvlddmkm.sys ni kadi ya picha ya NVIDIA, storport.sys inahusu diski, na ACPI.sys inahusu umeme na betri. Jina linaloonekana si lazima liwe la mkosaji mwenyewe, kwa kuwa ndis.sys hubeba mizigo ya kadi yoyote ya mtandao, iwe ya Wi-Fi au ya waya.

Asiyetaka kupakua chochote anaweza kutumia njia ya kuzima kimoja kimoja. Fungua "Device Manager", orodha ya Windows ya vifaa vya kompyuta, bofya Wi-Fi kwa kitufe cha kulia, chagua kukizima, halafu sikiliza. Kama hakuna mabadiliko, kiwashe na uzime kinachofuata: Bluetooth, kamera, kadi ya mtandao wa waya, kisomaji cha kadi za kumbukumbu. Katika laptopu jaribu pia kuzima kifaa cha betri kinachoandikwa "Microsoft ACPI-Compliant Control Method Battery". Laptopu itaendelea kuwaka, ila alama ya chaji itatoweka kwa muda, na zipo mashine ambazo mapengo hukoma papo hapo. Usizime kadi ya picha wala kidhibiti cha diski kwa majaribio ya namna hii.

Kama Wi-Fi ndiyo iliyokutwa na hatia, dawa ni draiva nyingine, ama mpya zaidi ama ya zamani zaidi. Watu husahau hiyo ya pili.

Draiva ya sauti niipate wapi?

Ipate kwenye tovuti ya aliyetengeneza kompyuta yako, kwa kutafuta jina kamili la modeli lililobandikwa chini ya laptopu au lililoandikwa kwenye mazabodi (bodi kuu ya ndani). Kompyuta nyingi za nyumbani zina kadi ya Realtek, na watengenezaji hurekebisha draiva hiyo kulingana na mashine zao, kwa hiyo ya modeli yako ina nafasi kubwa ya kufaa kuliko ya jumla. Vifurushi vinavyojitangaza kuwa vitasasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja tunashauri viepukwe, maana huleta draiva zisizohusika pamoja na matangazo.

Ipo pia njia isiyohitaji kupakua. Katika "Device Manager" bofya kadi ya sauti, chagua kusasisha draiva, kisha chagua kutafuta ndani ya kompyuta yenyewe na kuchukua kutoka kwenye orodha. Humo utaikuta "High Definition Audio Device", draiva ya Microsoft isiyo na mbwembwe. Utapoteza baadhi ya vidhibiti vya mapambo ya sauti, lakini sauti ikitulia utakuwa umepata jibu.

Mapambo yenyewe huleta matatizo. Fungua sifa za spika katika mipangilio ya sauti na uzime viboreshaji vyote. Mahali hapohapo unaweza kuondoa ruhusa ya programu moja kuimiliki kadi peke yake, na kubadili mwendo wa sampuli kutoka 48,000 kwenda 44,100 au kinyume chake. Kutolingana kwa mwendo wa faili na wa kadi kwa kawaida hakudhuru, kwa sababu Windows hubadilisha yenyewe, ila katika draiva mbovu badiliko hilo limewahi kutuliza sauti.

Tatizo huja baada ya nusu saa hivi, na zaidi miezi ya joto. Je, joto linahusika?

Linahusika. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue, na mwendo huo hushuka na kupanda bila kumuuliza mwenye kompyuta. Katika miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, chumba kilichoezekwa kwa bati kule Ngamiani tayari ni cha moto kabla kompyuta haijawashwa, na feni iliyojaa vumbi haina hewa ya baridi ya kuvuta. Usishangae laptopu iliyocheza vizuri Lushoto ikaanza kugugumia ilipoteremshwa mjini Tanga.

Itoe laptopu kitandani na uiweke juu ya meza ngumu, kwani godoro huziba matundu ya chini. Sikiliza kama feni inazunguka. Safisha vumbi kwa brashi laini na hewa ya kupuliza, ukiishika feni isizunguke ovyo wakati unapuliza. Kwa mashine iliyofikisha miaka mingi bila kufunguliwa, fundi anaweza kubadilisha gundi ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na kipozeo, ambayo hukauka na kupasuka. Kazi hiyo si ghali, na kwa maoni yetu ina faida zaidi kuliko meza ya feni inayouzwa kuwekwa chini ya laptopu.

Laptopu hukatakata ikiwa kwenye betri, au ikiwa na chaja niliyonunua baadaye. Kwa nini?

Ikiwa kwenye betri, Windows hubana matumizi kwa kupunguza mwendo wa prosesa na kulaza vifaa visivyotumika. Nenda kwenye mipangilio ya umeme, chagua utendaji wa juu, na katika mipangilio ya ndani zima ulazaji wa USB, hasa kama spika au kadi yako ya sauti imechomekwa huko.

Suala la chaja ni la kuangaliwa kwa makini. Baadhi ya laptopu huitambua chaja yao kwa ishara maalumu, na zikichomekwa chaja isiyotambulika, au yenye wati pungufu, huwaka lakini hushusha mwendo wa prosesa mpaka chini kabisa. Mara nyingi onyo hutokea mara moja wakati wa kuwasha na mtu hulipita. Linganisha wati zilizoandikwa kwenye chaja na zile zinazotakiwa na mashine kabla ya kulaumu kitu kingine.

Nakaa karibu na bahari, na sauti hukatika nikigusa waya wa spika. Je, ni tatizo lilelile?

Sivyo. Hili ni la mguso. Hewa ya chumvi ya Raskazone na pwani yote hula metali ndani ya tundu la spika, na utando mwembamba wa kutu hukata njia ya umeme. Chomoa na uchomeke pini mara kadhaa. Sauti ikirudi, safisha pini na tundu kwa alkoholi ya isopropili, kompyuta ikiwa imezimwa, na uache ikauke. Usitumie mafuta ya kulainishia, yanashika vumbi. Tundu lililolegea hubadilishwa na fundi mwenye kifaa cha kulehemu.

Hedifoni za Bluetooth zinakatika, za waya hazikatiki. Nifanye nini?

Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya Wi-Fi nyingi za nyumbani. Rauta yako ikiwa na masafa ya gigahezi 5, hamishia kompyuta huko. Angalia pia kilichochomekwa karibu: Intel ilieleza katika waraka wa mwaka 2012 kwamba vifaa na nyaya za USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika masafa hayo ya 2.4, kwa hiyo diski ya nje iliyo ubavuni mwa kipokezi cha Bluetooth inaweza kuwa ndiyo inayovuruga. Isogeze upande wa pili, au tumia waya wa kurefusha.

Kama sauti haikatiki bali inakuwa nyembamba kama ya simu kila unapofungua programu ya mazungumzo, hedifoni zimehama kwenda hali ya kutumia maikrofoni, ambapo kwa kawaida sampuli hushuka hadi 16,000 au 8,000 kwa sekunde. Chagua maikrofoni ya laptopu yenyewe na muziki utarudi.

Muziki hunyamaza wenyewe ninapopigiwa simu kwenye kompyuta.

Windows hupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 inapotambua mazungumzo. Fungua mipangilio ya zamani ya sauti, sehemu ya mawasiliano, na uchague isifanye chochote.

Je, ninunue kadi ya sauti ya USB?

Ile ndogo ya bei nafuu, isiyozidi ukubwa wa flashi, inafaa kuwa nayo kama kipimo. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kupitia kigawanyo chenye matundu mengi kinachobeba pia diski na kamera. Mapengo yakikoma, kadi ya ndani au draiva yake ina kasoro. Mapengo yakibaki, mkosaji yuko kwingine, na kadi ya bei kubwa ingekatakata vivyo hivyo.

Ninarekodi kaswida nyumbani, na programu inaniuliza ukubwa wa bafa. Nichague upi?

Inategemea unafanya nini wakati huo. Anayeimba huku akijisikiliza kupitia kompyuta anahitaji bafa ndogo, kwa kuwa bafa kubwa humrudishia sauti yake ikiwa imechelewa. Sampuli 256 kwa mwendo wa 44,100 ni ucheleweshaji wa takriban milisekunde 6. Sampuli 1,024 ni milisekunde 23, ambazo mwimbaji huanza kuzihisi. Unapochanganya sauti zilizokwisha kurekodiwa hakuna wa kusumbuliwa na ucheleweshaji, hivyo weka 1,024 au 2,048 na uiache mashine ipumue. Katika Audacity kipimo huandikwa kwa milisekunde, nacho kwa kawaida huwa 100 usipokibadilisha; kompyuta dhaifu iongezee hadi 200.

Kuongeza bafa hufunika tatizo bila kuliondoa. Kwa kusikiliza tu, kufunika huko kunatosha.

Windows inachelewa katika kila jambo, si sauti pekee, na diski inatoa mlio. Je, ni hatari?

Ndiyo, na hili litangulizwe mbele ya mengine yote. Nakili kwanza mafaili muhimu kwenye diski nyingine, kisha ndipo uchunguze. Programu ya CrystalDiskInfo husoma taarifa ambazo diski hujiwekea. Rangi ya njano pamoja na sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa ni dalili ya diski inayokufa. Inapofika sekta mbovu hurudia kusoma mara nyingi, mfumo mzima husimama kuisubiri, na wimbo husimama nao.

Katika kompyuta za zamani sana zenye Windows XP na diski za IDE (aina ya zamani ya kuunganisha diski), makosa ya kusoma yakilimbikizana Windows huishusha diski kutoka hali ya DMA hadi PIO, ambapo prosesa yenyewe hubeba kila data, na hapo kila kitu hugugumia. Futa njia ya IDE husika katika "Device Manager" na uwashe upya. Ikirudi tena PIO, badilisha waya au diski.

Kuweka Windows upya kutamaliza tatizo?

Wakati mwingine, lakini ni dawa ya mwisho, ingawa mafundi wengi huianza nayo. Joto, chaja isiyotambulika, tundu lenye kutu na diski mbovu haviondolewi na Windows mpya. Draiva mbovu huondoka, kisha hurudi yenyewe kupitia masasisho. Pamoja na hayo, msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kuweka Windows 11 kwenye mashine isiyokidhi masharti yake huweza kuishia kwa draiva zisizofaa.

Ninatumia Linux.

Katika matoleo mapya sauti husimamiwa na PipeWire, iliyochukua nafasi ya PulseAudio katika Fedora 34 mwaka 2021 na Ubuntu 22.10 mwaka uliofuata. Endesha amri ya pw-top na utazame safu ya ERR: namba ikipanda kila sauti inapokatika, bafa inakauka, na unaweza kuiongeza katika mipangilio ya PipeWire. Kwa wenye PulseAudio, kuongeza tsched=0 kwenye mstari wa module-udev-detect katika faili la default.pa limewasaidia wengi. Mlio wa "tak" unaotokea mwanzo wa kila wimbo tu hutokana na kadi kulazwa; weka power_save=0 kwa moduli ya snd_hda_intel.

Spika zina mvumo mzito usiokoma. Je, ni bafa?

Hapana. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo huo kwa kawaida ni wa hezi 50 au 100, unaoingia kompyuta na amplifaya zinapopata umeme kutoka soketi tofauti. Vichomeke vyote kwenye kigawanyo kimoja. Laptopu ikitulia unapochomoa chaja, tafuta kitenganisha sauti cha transfoma kiwekwe kwenye waya wa spika. Usikate waya wa ethi kwa ajili ya kuondoa mvumo, kwani ndio unaomlinda anayegusa.

Nimejaribu yote. Nimweleze nini fundi?

Mpe kwa maandishi modeli ya kompyuta, toleo la Windows, kama sauti hukatika mahali palepale au tofauti, kama hukatika bila intaneti, kama hukatika kwenye hedifoni za waya, kama kadi ya USB ilibadilisha chochote, na picha ya skrini ya LatencyMon. Mwombe akusikilizishe wimbo uleule mbele yako kabla hujalipa, kwa muda usiopungua nusu saa kama tatizo lako ni la joto, na mashine ikiwa imechomekwa chaja unayoitumia nyumbani.